Mtumiaji wa Morogoro

Bergen, Norway
13 Februari 1994

Shikamoo Mama Shadia,

Nimefika salama. Ningekuandikia mapema, lakini wiki za kwanza mkono ulikataa, na si kwa baridi peke yake. Chumba changu kiko juu ya duka la miwani. Kina dirisha moja, na nje ya dirisha hilo mvua inanyesha tangu siku niliyoshuka. Nilidhani mtu aliyekulia Turiani hawezi kutishwa na mvua. Lakini mvua ya kwetu inawakuta watu nje, wanakimbia, wanaitana, wanaanua nguo. Hapa inanyesha yenyewe tu.

Kazi si mbaya. Mchana nafanya mahesabu ya profesa. Jioni ananiachia kompyuta nifanye ya kwetu. Ndani ya bahasha utakuta disketi, nimeibana katikati ya kadibodi mbili. Hiyo ndiyo programu niliyokuahidi. Nimeiita Kinole, kwa heshima ya kijiji tulikokwenda kubandua magome. Iweke kwenye kompyuta ya maabara, uandike jina hilo, nawe utaiona molekuli yetu: kila atomi ni kiduara, na kila muungano ni kijiti. Bonyeza mishale, inageuka. Utaiona hata kwa nyuma, Mama Shadia! Kitu tulichokichemsha na kukichuja miaka mitatu, wewe na mimi, mpaka tukapata unga wa kujaa ukucha, na hatukuwahi kukiona sura. Wataalamu wa hapa walikipima kwa mionzi wakatupa namba za mahali kila atomi inapokaa. Programu inazisoma namba hizo na kuchora.

Ijaribu, kisha uniandikie kila kasoro. Usinionee huruma. Hukunionea nilipokuwa sijui kushika pipeti.

Nina mipango mingi: rangi, majina ya atomi, namna ya kupima umbali kati ya moja na nyingine. Jioni ndefu zipo. Kuna siku inakwisha sijatamka neno ila asante ya dukani.

Mwanao,
Yeremia


Maabara, Morogoro
20 Machi 1994

Mwanangu Yeremia,

Marahaba. Disketi imefika haina hata mkwaruzo. Umeme wa mgao tunaupata siku moja kati ya mbili, kwa hiyo nilisubiri mpaka Alhamisi.

Nilipoona kile kitu kinageuka nilivuta kiti nikakaa. Miaka ishirini na sita nimeosha vyombo vya kuchunguzia vitu nisivyoviona. Abasi mlinzi alichungulia mlangoni akaniuliza, “Huyo ni mdudu gani?”

Nikamwambia, “Ni dawa ya homa, ile ya magome.”

“Mbona ina magoti?”

Sasa kasoro zako. Maandishi ni madogo, nimeyasoma kwa kuazima miwani ya mhasibu. Ukishikilia mshale muda mrefu, molekuli inaendelea kuzunguka hata ukiachia, kama mtoto aliyekataa kulala. Atomi ya mbele na ya nyuma zina ukubwa mmoja, kwa hiyo sijui ipi iko karibu nami. Umeme ukikatika, ukirudi lazima uanze upya kabisa. Hili la mwisho si kosa lako lakini lifikirie, kwa kuwa huko uliko hawalijui.

Mimi ni mzima. Bigwa kumetulia. Tangu baba Shadia atangulie, na Shadia aolewe Dar es Salaam, bado nashindwa kupika chakula cha mtu mmoja. Napika cha wawili, asubuhi nakula cha yule mwingine.

Ongea na watu, mwanangu. Hata kwa kukosea.

Mama Shadia
(Mwajuma Stambuli, Fundi Mkuu wa Maabara)


Bergen
2 Oktoba 1994

Shikamoo Mama Shadia,

Hili ni toleo la pili. Maandishi nimeyakuza mara mbili. Mshale ukiachiwa, molekuli inasimama. Atomi za karibu ni kubwa na zimekoza, za mbali ni ndogo na zimefifia. Na kila baada ya dakika mbili programu inajihifadhi yenyewe, ili umeme ukikatika uanzie pale ulipoachia. Mwenzangu wa ofisini aliponiona naandika sehemu hiyo alicheka. Alisema hapa umeme haujakatika tangu azaliwe. Nikamwambia ninaye mtumiaji Morogoro. Tangu siku ile hapa wanakuita hivyo: mtumiaji wa Morogoro. “Mtumiaji wa Morogoro anasemaje?” Wanatania, lakini mimi moyoni najisikia nina mtu.

Nikwambie ukweli. Hakuna mwingine anayeitumia. Profesa anaiona kama mchezo wa mtu aliyekosa marafiki, na hajakosea sana. Ninachoamkia ni zile ripoti zako. Nikijua wiki fulani barua yako inaweza kuwemo kwenye kisanduku, naamka mapema.

Toleo la tatu litachapa picha kwenye karatasi. La nne nataka lije kufundishia, na chumba cha kufundishia kiwe hapo hapo kituoni, kwenye maabara yetu, wewe ukiwa mwalimu. Usicheke.

Ripoti, tafadhali. Ndefu.

Yeremia


Bigwa, Morogoro
15 Februari 1995

Mwanangu Yeremia,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Tuko kwenye Ramadhani, na kabla ya hapo kulikuwa na mambo mengi.

Toleo la pili ni zuri sana. Maandishi yanasomeka. Linakwenda vizuri, sina kasoro ya kukuandikia.

Kuanzia sasa andika kwa anwani hii ya juu ya bahasha, ni sanduku la msikiti wetu. Barua za kituoni siku hizi zinapotea. Pia nakuomba, ukitoa toleo jingine, uniletee pamoja nalo karatasi yenye namba zote za mahali pa atomi, zimechapwa, na picha yake. Macho yangu yanapenda karatasi.

Wiki iliyopita nilikuwa Mkuyuni. Ndizi zimekubali mwaka huu, na mdalasini unanukia mpaka barabarani. Ningekuwa na njia ningekutumia harufu.

Adhana ya magharibi hiyo. Nafungua mwadhini kwa tende.

Mama yako,
Mwajuma


Ilala, Dar es Salaam
9 Machi 1995

Mama,

Shikamoo. Nimefika nyumbani na watoto wazima, ila moyo haujatulia tangu Idi. Nilikuja kukutembelea nikidhani nitakukuta na likizo ya sikukuu, nakukuta uani unafunga mikungu ya ndizi. Mpaka nikaambiwa na Abasi, tena njiani, kwamba kituo kimefungwa tangu Januari, wafanyakazi wote mmepunguzwa, na majengo kachukua mtu wa magodoro. Mimi ni mwanao wa pekee, Mama. Nisikie kwa mlinzi?

Na juu ya meza nikaona disketi mbili umezifunga kwa leso, na barua ya Yeremia anakuuliza habari za kompyuta. Kompyuta gani? Umemwambia? Nilipokuuliza ulisema “nitamwambia,” ukaenda kukoroga uji.

Watu wanapunguzwa nchi nzima, Mama. Hapa mtaani kwetu nyumba tatu. Si aibu. Njoo ukae na sisi, chumba kipo. Na huyo kijana mwambie, asiwe anaandikia ukuta.

Wako,
Shadia


Bigwa
21 Machi 1995

Mwanangu Shadia,

Nimekusikia. Kwako ni kosa langu, nisamehe. Nilitaka upike Idi yako kwa amani.

Dar es Salaam sitakuja kwa sasa. Hapa nina kaburi la baba yako na kuku sita.

Kuhusu Yeremia, nilikaa kumwandikia ukweli mwezi ule wa Januari, nikaharibu karatasi tatu. Yule kijana hana mtu kule. Ameniandikia kwamba anaamkia barua zangu. Utamwandikiaje mtu kama huyo kwamba unachoamkia hakipo? Nimemwandikia kidogo tu, kwamba inakwenda vizuri. Si uongo mkubwa. Naamini inakwenda vizuri. Nitamwambia akishapata marafiki.

Usimwandikie wewe. Niachie.

Mama yako


Bergen
10 Septemba 1995

Shikamoo Mama Shadia,

Barua yako ya Februari ilikuwa fupi kuliko zilizotangulia, na ile ya Juni ilikuwa fupi zaidi. Nimejiambia kwamba fundi mzuri hasemi sana kitu kikiwa kizima.

Toleo la tatu hilo. Nimeandika upya sehemu yote ya kuchora, ili picha itoke kwenye karatasi ikiwa safi kama ya kitabuni. Nimekuwekea karatasi ya namba ulizoziomba, na picha. Itazame vizuri, kwa sababu si yako na yangu tena. Profesa amebadilika. Ameiona picha hiyo akasema iingie kwenye makala yetu, na makala inachapwa Januari. Jina lako liko kwenye shukrani, mstari wa kwanza. Kuna maabara ya dawa imeshaomba nakala, inataka kuitengeneza molekuli yetu bila magome, kwa kuifuata picha ilivyo.

Nimenunua suti ya mtumba. Nimevaa mbele ya kioo, nikavua.

Je, kwenye kompyuta ya kituo toleo hili ni zito? Lina michoro mingi. Likikwama niambie, nitalipunguza.

Yeremia


Bigwa
8 Oktoba 1995

Yeremia mwanangu,

Soma barua hii umekaa, na usipeleke ile picha popote mpaka umalize.

Picha yako haikubaliani na namba zako.

Nimejuaje? Umeme ni wa mgao, kwa hiyo nilitumia mikono. Nilichukua ubao, nikauchora miraba kwa penseli, nikawa nasoma namba zako: hii ya kwenda kulia, hii ya kupanda, na ile ya tatu nikaikata kwenye vijiti vya mianzi, kila atomi na urefu wake. Udongo nilipewa na Rehani, jirani yangu anayefinyanga vyungu. Atomi ya kaboni nikaiacha na rangi ya udongo, oksijeni nikaipaka hina. Siku nne. Magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti, kila chama kinaahidi, mimi nipo uani nabandika atomi.

Rehani alisimama juu yangu akasema, “Bi Mwajuma, hicho chungu hakitashika maji.”

“Si cha maji. Ni sura ya dawa.”

Akaichukua picha yako, akaiweka karibu. Mfinyanzi ana jicho, Yeremia. Hakuchukua muda. Akasema, “Hivi vitu viwili si kimoja. Huu mkono hapa unatokea kulia, kwenye karatasi unatokea kushoto.”

Nikamwambia ni kwa sababu tumeugeuza. Tukageuza tena. Tukaupindua, tukaulaza, tukazunguka ubao sisi wenyewe kama tunacheza ngoma. Haikuwa hivyo. Kila tukilinganisha upande mmoja, upande mwingine unakataa. Ni kama kandambili ya kulia ukitaka kuivaa mguu wa kushoto: ni ya namba ile ile, vidole havikai.

Nikarudia kupima atomi zote ishirini na tisa. Mimi sikukosea.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba dawa nyingine zina mkono wa kulia na wa kushoto, na kwamba mwili unaupokea mmoja tu, ule mwingine huenda usitibu kitu, au ukadhuru. Sasa hao wanaotaka kuitengeneza kwa kufuata picha watatengeneza ipi?

Kagua. Kama ni mimi niliyezeeka, nicheke, nitafurahi.

Mama Shadia


Bergen
12 Desemba 1995

Mama Shadia, shikamoo, shikamoo mara mia!

Hujazeeka. Barua yako iliposomwa kwa sauti mle ofisini (niliitafsiri neno kwa neno, hata kandambili) hakuna aliyecheka. Tulikesha siku mbili kuitafuta kasoro. Ni ndogo ya kuaibisha: kompyuta huhesabu mistari ya kioo chake kutoka juu kwenda chini, na namba zetu zinapanda kutoka chini kwenda juu. Nilipoandika upya sehemu ya kuchora nilisahau kugeuza. Kila kitu kikatoka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Tumewahi mtambo wa kuchapa kwa siku tano. Maabara ya dawa nayo imeandikiwa, ilikuwa haijaanza.

Profesa ameniita. Ameniuliza huyo mama ana shahada gani. Nikamwambia ana miaka ishirini na sita ya maabara. Kisha akaweka mezani mkataba wa miaka mitatu, kazi yangu iwe Kinole peke yake. Natakiwa niusaini kabla ya tarehe 31 Januari.

Nimeamua kutousaini.

Usishtuke. Nimefikiri. Hapa nitakuwa na mshahara na dirisha. Hapo nina wewe na maabara. Ripoti ile ndiyo iliyonionyesha: kazi inayookoa inafanyika kwenu, mimi niko mbali nayo bure. Narudi Mei. Toleo la nne, lile la kufundishia, nitaliandikia hapo hapo kituoni. Nimemwandikia mkurugenzi mara mbili kuomba nafasi, hajajibu, lakini najua barua za kituoni zinapotea. Ongea naye kwa niaba yangu. Mwambie sihitaji nyumba. Chumba kile cha kukaushia magome kinanitosha, tukiweka meza mbili na kompyuta yetu ile ile.

Nimeanza kugawa vyombo vyangu. Kwa mara ya kwanza tangu nije huku nimepiga mluzi ngazini.

Mwanao anayerudi,
Yeremia


SIMU YA MAANDISHI
Posta Morogoro, 6 Januari 1996

KITUO HAKIPO KIMEFUNGWA TANGU MWAKA JANA. USIRUDI KWA AJILI YANGU. SAINI MKATABA. BARUA YAFUATA. NISAMEHE. MWAJUMA


Bigwa
7 Januari 1996

Yeremia,

Jana nilikwenda posta na barua yako mkononi, bado haijakunjwa. Karani aliniambia nipunguze maneno. Sikulipunguza neno la mwisho.

Kituo kilifungwa tarehe 12 Januari mwaka jana. Tuliitwa uwanjani, tukasomewa majina kwa alfabeti, wote. Kompyuta niliiona ikipakiwa kwenye pikapu pamoja na jokofu na viti. Waliilaza kifudifudi, kioo chini. Nilimwambia kijana wa kupakia ailaze vizuri, akaniuliza, “Mama, ni yako?” Toleo lako la pili lilinifikia siku zile zile, nilikuwa sijawahi kulifungua. La tatu ndiyo kabisa. Zote mbili zipo, nimezitunza, sijui zikoje ndani.

Tangu hapo nanunua ndizi Mkuyuni, naziuza sokoni mjini. Ni kazi ya halali, siioni haya. Lakini kwako niliiona haya.

Nilijiambia nakulinda wewe. Uliandika unaamkia ripoti zangu, nikasema nikimwambia ataamkia nini? Hayo nilimwambia hata Shadia. Usiku nikiwa sisemi na mtu najua lingine. Siku ambayo barua yako inafika, mimi ni fundi wa maabara. Naulizwa, natakiwa nijibu, jibu langu lina uzito. Siku nyingine zote natakiwa niseme tu kama ndizi ni mshale au ni mzuzu. Sikutaka siku ile iniondoke. Ndiyo maana nikaiba jibu, kisha nikaiba jingine.

Sikujua litafika mahali pa wewe kugawa vyombo. Mtu anayedanganya kwa huruma huwa anajihesabu yeye na anayemdanganya, hahesabu miezi.

Saini, mwanangu. Ukiwa na hasira, saini na hasira. Usije ukarudi ukasimama mbele ya ghala la magodoro.

Mwajuma


Bergen
30 Juni 1996

Mama Shadia,

Shikamoo.

Simu yako ya maandishi ilifika tarehe 9 Januari. Nilikuwa nimebakiza sufuria moja. Mkataba niliusaini tarehe 30, siku moja kabla. Nikavinunua upya vitu vyangu, vingine kwa watu wale wale niliowapa.

Barua yako imekaa bila jibu miezi mitano kwa sababu sikujua ninamwandikia nani. Nilizitoa ripoti zako zote nikazipanga mezani. Baada ya ile ya kwanza, hakuna hata moja inayotaja kioo, wala kitufe, wala mshale. Nilikuwa nazisoma kila wiki na sikuona. Nilikuwa na mtumiaji mmoja duniani, na hakuwepo. Nilikasirika, Mama Shadia. Nilikasirika mpaka nikaacha kupita njia ya posta. Wale wa ofisini walipouliza mtumiaji wa Morogoro anasemaje, niliwajibu amefariki. Neno hilo limenikaa vibaya mpaka leo, nalitubu kwako.

Halafu mwezi uliopita nikaisoma tena ile ya udongo. Hiyo haikuwa uongo. Mtu mwenye kompyuta angeitazama picha yangu na kuniandikia ni nzuri sana. Hapo hasira ikakosa pa kusimama, ingawa haijaondoka yote. Nakuambia hivyo ili tusianze tena kufichana.

Habari za kazi. Kinole, toleo la nne, imetoka Aprili. Ina watumiaji tisa katika nchi tano. Wananiandikia inapoharibika tu. Inafanya kazi vizuri, kwa hiyo siandikiwi. Mipango ya miaka hii mitatu: ichore molekuli kubwa zaidi, zenye atomi maelfu, mfano protini za damu. Iweze kuweka molekuli mbili pamoja ili mtu aone kama dawa inaingia mahali pake au haiingii. Na kabla ya kuchapa chochote, ijikague yenyewe mkono wa kulia na wa kushoto. Sehemu hiyo ya mwisho nimeimaliza. Nimeandika mipango hii kirefu kwa sababu ni kitu pekee ninachojua kukiandika.

Baba yangu sijamwandikia tangu mwaka juzi. Yuko Mtibwa, hapo karibu na Turiani, kwenye nyumba za shamba la miwa, hajui kusoma. Barua zake zinasomwa na karani, dirishani, watu wakiwa kwenye foleni. Kila nikianza kuandika naiona ile foleni, basi naandika “mimi ni mzima,” halafu naona haifai hata stempu.

Ukitaka, niandikie. Usiniambie chochote juu ya programu.

Yeremia


Turiani
11 Agosti 1996

Mwanangu Yeremia,

Marahaba. Hasira yako nimeipokea, iweke mpaka iishe yenyewe, wala usiiharakishe kwa ajili yangu. La kufariki nimekusamehe. Kuna siku nilikuwa hivyo.

Utaona sijaandika kutoka Bigwa. Nilipomaliza barua yako nilifunga mlango, kuku nikamwachia Rehani, nikapanda gari la Turiani. Sikukuomba ruhusa. Kama ni kosa, liongeze kwenye yale mengine.

Baba yako, Mzee Bonifasi, nilimkuta kibarazani anachonga mpini. Kazi ya kukata miwa ameacha, mgongo. Nikamwambia jina langu. Alisimama akanipa kigoda chake, kisha akaniuliza kabla sijakaa, “Umekuja kunipa tanzia?”

Nikamwambia, “Hapana, baba. Mzima kabisa. Nimekuja kwa sababu mimi nilimdanganya mwanao, na yeye hakukuandikia. Wote wawili tuna makosa.”

Akasema, “Basi kaa. Makosa yanataka kukaa.”

Nilimweleza yote, ya kituo, ya ndizi, ya mkataba. Mwisho akataka kujua hiyo kazi unayofanya ni ya nini. Nilijaribu, Yeremia. Nikamwambia unachora vitu vilivyo vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona, ili watu wasikosee dawa. Akafikiri. “Na yeye huko anaonwa na nani?” Nakuletea swali lake kama alivyoliuliza.

Tulikula ugali na mlenda. Aliosha vyombo mwenyewe, anajua, ameishi peke yake muda mrefu kuliko mimi. Nikamwambia nimekuja na karatasi na kalamu, hapa hakuna foleni, hakuna karani. Aseme chochote, naandika kama anavyosema. Na wewe ukimjibu, tuma kwangu. Nitakuja kumsomea hapa kibarazani, na nikishamaliza nitazisahau.

Alirudi kuchonga mpini wake mpaka nikadhani amekataa. Halafu akasema, “Andika kwamba nipo.”

Nikaandika.

“Umeshaandika?”

Nikamwonyesha. Akauliza ni lipi. Nikamshika kidole nikakiweka juu ya neno. Alilitazama.

“Fupi,” akasema. “Ongeza.”

Karatasi ya pili, ya tatu na ya nne ni zake. Sikubadili neno.

Mama Shadia